Fremu ya Tabora

Mwanzoni mwa 2024 nilikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama 14 tunaokausha dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Akiba yetu ilikuwa shilingi milioni sita. Nikapendekeza tufungue duka la jumla Tabora: treni inafika, ziwa hawana, na dagaa wa Kigoma wanawajua. Wenzangu wakapiga makofi.

Nikaenda mwenyewe kutafuta fremu. Dalali akanionyesha mbili. Ya kwanza pana, karibu na stesheni, kodi laki moja na nusu kwa mwezi. Ya pili finyu, bati limetoboka, laki mbili na nusu, na mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima. Nikachagua hiyo ya pili. Nikasimama mlangoni nikitazama ng'ambo ya barabara, napima kwa macho bango letu liwe kubwa kiasi gani ili lizidi la duka lile.

Duka lile ni la tajiri yangu wa zamani. Nilikuwa muuzaji wake dukani miaka mitatu. Siku aliyonifukuza alinipekua mpaka pindo la kanga mbele ya wateja, akitafuta pesa ambazo baadaye zilikutwa kwenye droo yake mwenyewe. Hakuniomba radhi.

Kwenye basi la kurudi sikupata usingizi. Mwanangu, mpenzi wa mpira, aliwahi kunisimulia habari za ndugu wawili wa Ujerumani, Adi na Rudolf Dassler, waliokuwa na kiwanda kimoja cha viatu. Wakagombana, Rudolf akaanzisha Puma mwaka 1948, Adi akasajili Adidas mwaka 1949, wote kwenye mji uleule. Walifanikiwa, sikatai. Lakini wale waligombana kwa mali yao. Mimi nilikuwa nabeba jasho la wanawake kumi na watatu kwenda kulipiza langu.

Nikamwendea mhazini wetu, mama mtu mzima kuliko sote, nikamweleza yote. Akanisikiliza huku anachambua mchanga kwenye dagaa.

"Mwanangu, huyo bwana akihama kesho, fremu ile bado utaitaka?"

Nikanyamaza.

Kwenye kikao nikarudia maelezo yale mbele ya wote, hata la kanga, ingawa sauti ilinikatika. Kisha nikatoka nje ili waamue bila mimi. Waliamua tujenge chanja za kuanikia dagaa juu ya ardhi, maana dagaa wa mchangani bei yake huwa ya kuonewa, na pesa zitakazobaki tununue mzigo mapema, kabla uvuvi wa Ziwa Tanganyika haujafungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15.

Tulipitisha miezi ile mitatu tukiwa na mzigo stoo. Mwezi wa saba yule tajiri alipiga simu, anataka magunia ishirini. Tulimuuzia kwa bei ya wote. Mpaka leo ni mteja wetu, ila simu zake anapokea mhazini.