Mgeni akibisha hodi kwenye mkutano wa waraibu mtandaoni

Kwenye mkutano wa ana kwa ana, mgeni akitaka kuondoka itabidi asimame, apite mbele za watu na afungue mlango. Mtandaoni anabonyeza mara moja tu, na hakuna atakayejua kwamba alikuwepo. Ndiyo maana kikundi kikiniambia "sisi sote hukaribisha wageni," naelewa kwamba hakuna anayewakaribisha. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo, na asipewe nyingine: asisome ufunguzi, asitunze muda, asihangaike na wavurugaji.

Kazi yake inaanza dakika 15 kabla ya kikao. Chumba cha kusubiria cha Zoom ni kinga nzuri dhidi ya wahuni wanaoingia kurusha picha chafu, lakini kwa mtu mwenye arosto, dakika 3 za kutazama skrini isiyosema kitu ni nyingi mno. Maandishi ya chumba hicho yanaweza kubadilishwa. Andikeni: "Umefika penyewe. Tunakufungulia sasa hivi." Kisha mfungulieni kweli.

Akishaingia, tazameni jina. Wengi huingia na jina kamili bila kujua, na aliyepiga simu ya kawaida huweza kuonekana kwa namba yake. Mwenyeji alibadilishe papo hapo, libaki jina moja, hata la kubuni. Kurekodi kuzimwe kwenye mipangilio. Kuomba watu wasirekodi hakutoshi. Zile programu zinazojiunga zenyewe kuandika muhtasari zitolewe pia, hata kama ni ya mkongwe aliyesahau kuizima.

Halafu kuna chati. Iwekwe ili ujumbe uende kwa wenyeji peke yao. Ikiachwa wazi kati ya mtu na mtu, mgeni atatafutwa na anayemtaka kimapenzi, na anayeuza tiba ya siku 7, na wakati mwingine na anayeuza kilekile kilichomleta.

Maneno ya kumkaribisha yawe mafupi: "Karibu. Kamera si lazima, kuongea si lazima, ada hakuna. Kama uko karibu na watu, vaa spika za masikioni ili wasisikie ya wenzako." Basi. Msimuulize anatumia nini, wala msimlazimishe kusema "mimi ni mraibu". AA (Alcoholics Anonymous), ushirika wa wanaosaidiana kuacha pombe ulioanza Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935, huweka sharti moja la uanachama: hamu ya kuacha kunywa. NA (Narcotics Anonymous), wa dawa za kulevya, ulioanza California mwaka 1953, huweka hamu ya kuacha kutumia. Kujitangaza hakumo.

Mwenyekiti anapouliza kama kuna aliyekuja kwa mara ya kwanza, ahesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kuendelea. Mgeni anatafuta kitufe cha maiki, mtandao unachelewa, na ujasiri wenyewe unakuja polepole. Wengi wa wenyeviti hungoja sekunde 2 kisha hutangaza kwamba leo hakuna mgeni, naye anabaki na neno mdomoni. Kwenye dua ya kufunga, asome mmoja, wengine wazime maiki: sauti za mtandaoni hazifiki pamoja, na dua hugeuka makelele.

Sasa jambo ambalo shauku huliharibu. Mtu anayekunywa sana kila siku, au aliyezoea dawa za usingizi za kundi la benzodiazepini, asiambiwe aache ghafla usiku huo. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, na pombe yaweza kumfikisha huko ndani ya siku 2 au 3 za mwanzo. Huua. Aelekezwe kwa daktari kwanza, na mkutano uendelee sambamba. Anayetumia methadoni ya kuandikiwa, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, asiambiwe na yeyote kwamba "bado hajaacha". Dozi yake ni ya yeye na daktari wake. Na aliyekaa wiki kadhaa bila heroini ajue kwamba kipimo chake cha zamani sasa kinaweza kumuua, kwa kuwa mwili haukihimili tena.

Kikao kikiisha, laini ibaki wazi dakika 20. Hapo ndipo wengi hufunguka. Mpeni namba 2 au 3 za watu wa jinsia yake, maana usiku wa manane mmoja wao huenda asipokee. Yake apewe nafasi ya kuitoa, asiombwe mara mbili. Akiitoa, kesho yake atumiwe ujumbe mmoja, usiotaja uraibu, kwa sababu huonekana hata simu ikiwa imefungwa: "Habari, ni mwenzako wa jana jioni. Leo tupo tena muda uleule."

Huo "muda uleule" uangalieni. Vikao vinavyoendeshwa kwa saa za Marekani au Ulaya husogea kwa saa 1 nzima mara mbili kwa mwaka, na pande hizo mbili hazibadilishi saa katika wiki ileile. Nywila nayo ikibidi kubadilishwa baada ya uvamizi, itumwe kwanza kwa wageni wa wiki hiyo, ndipo itangazwe kwa wengine.