Kiputo cha pimamaji

Julai 2007 nilikuwa msaidizi wa mpima ardhi, tukipima viwanja nje kidogo ya mji wa Arusha. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa mkali kwa jambo moja: usisome chochote kwenye teodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, kabla kiputo cha pimamaji hakijatulia katikati. Siku moja nimekiweka sawa, nainama kusoma, nikikiangalia tena kinatembea. Nikarekebisha skrubu. Kikatembea tena, mara huku, mara kule. Mzee akasema, "Iache, mwanangu. Si mashine hiyo. Ni chini."

Mitikisiko ile iliendelea kwa wiki kadhaa. Mkubwa kuliko yote, wa tarehe 17, ulikuwa wa kipimo cha 5.9, na hata Nairobi watu walishuka mbio kutoka kwenye maghorofa. Chimbuko lake lilikuwa Gelai, mlima wa volkano kusini mashariki mwa Ziwa Natron, jirani na Ol Doinyo Lengai.

Baadaye nilipata lifti ya gari la kwenda huko, na kijana mmoja mfugaji akanipeleka kwenye nyufa. Ninachokikumbuka zaidi ni mzizi. Ardhi ilikuwa imepasuka chini ya kichaka, na mzizi mmoja umebaki umekazwa toka ukingo hadi ukingo kama kamba ya kuanikia nguo, udongo wote umeuponyoka. Upande mmoja ulikuwa umeshuka kiasi cha shubiri mbili. Nilitoa futi kamba, nikapima, nikapima tena. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ardhi ndiyo inayopimia vingine.

Kilichotokea ni hiki. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza wima ndani ya mwamba kama kabari kwenye gogo, ikaishia njiani bila kufika juu. Mahali penye nafasi kubwa zaidi iliutanua mwamba kwa takribani mita 2.4. Kingo zikasukumwa huku na huku, na ardhi iliyo juu ya kabari ikadidimia katikati. Ukisimama Mto wa Mbu ukautazama ule ukuta mrefu wa Bonde la Ufa, unaona kazi ya namna hiyohiyo iliyorudiwa mara nyingi mno.

Picha za rada za setilaiti ndizo zilizonimaliza. Unachukua picha ya kabla na ya baada, unazilinganisha, inatokea mistari ya rangi iliyojikunja kuuzunguka mlima. Kila mzunguko mmoja wa rangi ni sentimita 2.8 za ardhi kusogelea setilaiti au kwenda mbali nayo. Waliozichambua walikuta kwamba sehemu ya mwamba iliteleza polepole kwenye ufa wake, kwa siku kadhaa, bila kishindo. Kwa hiyo tetemeko tunalolisikia ni sehemu tu ya mwendo. Mwingine unapita kimya, na hakuna anayekimbia nje.

Septemba mwaka huohuo Lengai ikaanza kulipuka na kumwaga majivu.

Kwangu mimi, fahari ya fani yetu iko hapa: wapima ardhi ndio waliosaidia kuelewa jinsi ufa wa mwamba unavyoleta tetemeko. Baada ya tetemeko la San Francisco la 1906, mwanasayansi Mmarekani Harry Fielding Reid alilinganisha vipimo vya zamani vya eneo lile, vilivyoanzia miaka ya 1850, na vilivyochukuliwa baada ya tetemeko. Akaona kwamba ardhi ya pande mbili za ufa wa San Andreas ilikuwa inapinda taratibu miaka yote ile, kama fito inayokunjwa, huku penyewe kwenye ufa pameng'ang'ana. Siku ya tetemeko paliachia, na kila upande ukajinyoosha. Asingeyajua hayo kama watu wasingepanda vilima na teodolaiti zao miaka hamsini kabla na kuandika tarakimu kwa uangalifu.

Huku kwetu bonde linatanuka milimita chache tu kwa mwaka. Mama mmoja niliyempimia shamba mwezi uliopita aliniuliza kama bikoni zake, zile alama za mipaka, zitahama. Nikamwambia zitahama, mama, ila zitahama pamoja na za jirani yako. Halafu nikaandika koordineti kwenye daftari, na pembeni ya kila moja nikaweka tarehe. Siku hizi siandiki namba ya mahali bila siku yake.