Siku moja maishani mwangu: nagawa na kulinda namba za intaneti za Afrika

Saa kumi na mbili asubuhi. Mauritius tuko mbele ya nyumbani kwa saa moja, kwa hiyo nikimpigia mama Tanga muda huu anakuwa ndo ametoka kuswali alfajiri. Ananiombea dua, afu karibu kila wiki linakuja lile swali, mwanangu hivi hasa unafanya kazi gani huko kisiwani? Majirani anawaambia niko kampuni ya simu. Siko kampuni ya simu, wala siuzi bando, na ndo maana leo nimeamua niandike siku nzima ilivyokwenda, mama atasomewa na mdogo wangu.

Saa mbili niko kazini Ebène, nimeshanunua dholl puri zangu mbili pale nje (ni kama chapati laini yenye dengu ndani, inapakwa mchuzi wa maharage na pilipili inakunjwa kwenye karatasi), nafungua kompyuta huku nakula.

Ofisi yetu ni AFRINIC. Duniani kuna sajili tano za kanda zinazogawa anwani za IP, yaani zile namba zinazotambulisha kila kilichounganishwa kwenye intaneti, na hii ya kwetu inahudumia Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi, ilitambuliwa rasmi 2005. Kabla ya hapo mtu wa Dar au Accra akitaka anwani alikuwa anapeleka maombi Ulaya au Marekani. Mimi cheo changu hostimasta, yaani maombi yakija napitia, nakagua, na nalinda kile kilichobaki. Maana kilichobaki ni kidogo sana. Anwani za IPv4, zile za mfumo wa zamani, dunia nzima ni bilioni nne na ushee, basi, haziongezeki. Februari 2011 ghala kuu la dunia lilitoa mafungu yake matano ya mwisho, kila kanda ikapewa moja, la kwetu ndo lile la namba zinazoanza na 102. Tangu Januari 2020 tuko kwenye awamu ya mwisho kabisa, ukija unapata isiyozidi /22, yaani anwani 1,024 (mkwaju na namba ni ukubwa wa fungu, namba ikishuka fungu linakua), na ukitaka nyingine lazima uonyeshe umeshatumia asilimia 90 ya ulizopewa mwanzo. Na ndani ya fungu hilo la mwisho sera inasema kuna /12 nzima inawekwa akiba, anwani milioni moja na ushee, kwa mahitaji ambayo leo hakuna anayeyajua. Kuna watu wanaona ni kukalia mali. Mimi naona ni mbegu, na mbegu huli hata kama kuna njaa.

Saa tatu ni imeli za malalamiko. "Mmenidukua." "IP yenu imeniibia akaunti." Mtu anaitafuta IP iliyomsumbua kwenye WHOIS, daftari la wazi la wenye anwani, anaona jina letu, anajua ndo sisi wezi, kumbe sisi ni kama ofisi ya ardhi, tunaandika kiwanja ni cha nani, anayekaa humo na anachofanya humo hatumjui. Namjibu kila mmoja kwa adabu, namwelekeza asome mstari wa chini kabisa wenye mawasiliano ya mtandao husika. Leo zilikuwa kumi na moja.

Saa nne mpaka saa sita maombi ya kawaida. Moja limenifurahisha, kijana ana kampuni ndogo ya intaneti kwenye mji ambao hata kwenye ramani unautafuta, ameleta kila kitu, risiti za rauta, mchoro wa minara, orodha ya shule na zahanati alizounganisha, na ameomba IPv6, anwani za mfumo mpya ambazo ni nyingi mno, kabla sijamwambia. Wengi wanaichukua IPv6 kama kiambatanisho cha kuweka kabatini. Huyu alikuwa na mpango nayo. Nimemwandikia /32 ya IPv6 na /22 ya IPv4, mwenzangu akapitia mara ya pili (hapa hakuna mtu mmoja anayetoa peke yake), ikaenda.

Afu saa sita na dakika kumi simu ikaita.

"Dada habari za kazi, nimesikia wewe ni wa nyumbani." Kiswahili safi kabisa, nikafurahi hata, siku nzima huku ni Kiingereza na Kifaransa. Anasema yeye ni mkurugenzi mpya wa kampuni fulani ya zamani, kampuni ina /19, anwani 8,192, zilitolewa miaka ya tisini kabla sajili yetu haijakuwepo, anataka tu tubadilishe majina ya wahusika kwenye rekodi, jambo la dakika tano. Na kweli imeli ameituma kutoka kwenye anwani ile ile iliyopo kwenye rekodi yetu. Mtu mwenye haraka angebadilisha.

Sasa mimi huwa naangalia domeini, lile jina linalokuja baada ya @. Ile domeini ya imeli ilikuwa imesajiliwa siku 19 zilizopita. Yaani kampuni ilikufa, jina la domeini likaisha muda, mtu akalinunua upya, sasa anapokea imeli za marehemu. Nikafungua barua tatu za kampuni alizoambatanisha, za miaka mitatu tofauti, nikazikuza kwenye skrini mpaka muhuri ukajaa. Kwenye zote tatu wino umekatika kwenye mguu wa herufi R, na muhuri umelala upande ule ule kwa mwinamo ule ule. Hakuna karani anayegonga muhuri hivyo miaka mitatu mfululizo.

Nikamwambia kaka nakuheshimu, lakini nitahitaji nyaraka kutoka kwa msajili wa makampuni wa nchi husika, nitawauliza mwenyewe moja kwa moja. Akakata. Akapiga saa saba. Akapiga saa saba na nusu, nikiwa jikoni na sahani yangu. Dada si tunaongea lugha moja, nisaidie, nina watoto. Afu ikawa nakalia riziki za watu, afu ana mwanasheria, afu atanipeleka kwa mabosi wangu, nikampa na jina la wa kumwandikia. Mara ya tano au ya sita, sikumbuki, sauti ikashuka kabisa, "basi sema wewe unataka nini." Nikamwambia maneno yako yote naandika kwenye tiketi, yaani kumbukumbu ya ombi lako, na hilo nimeliandika. Akanyamaza muda mrefu, nikasikia honi za magari upande wake.

Watu hawajui kinachotafutwa hapo ni nini. Kwenye soko la mitumba anwani moja ya IPv4 inauzwa makumi ya dola, zidisha kwa 8,192, ni zaidi ya dola laki moja kwa kubadilisha mistari minne kwenye rekodi. Afrika tumeshaibiwa hivi, mambo yalikuja kufichuka 2019, mamilioni ya anwani ambazo rekodi zake ziligeuzwa kinyemela, na anwani ikishatoka kuirudisha ni kazi ya miaka. Yule kijana wa shule na zahanati kapewa 1,024 kwa jasho. Huyu anataka mara nane yake kwa muhuri wa kompyuta.

Nikaifunga rekodi isiguswe, nikaandika barua kwa msajili wa makampuni, nikaandika ripoti ya kurasa nne. Kati ya hayo Afrika Magharibi nao walikuwa wameshaamka zamani, wako nyuma yetu saa tatu nne, tiketi zao zikawa zinaingia mimi macho yameshachoka, nikawa nasoma namba mara mbili mbili maana ukikosea tarakimu moja umempa mtu kiwanja cha jirani. Sijui nilitoka saa ngapi. Metro ilikuwa imepungua watu na nje giza.

Nyumbani nimekuta ujumbe wa yule kijana, ametuma picha ya skrini, fungu lake limeshaanza kuonekana duniani kutokea mji wake. "Dada tumewaka."

Saa nne usiku kabla sijalala nikafungua laptopu kitandani, nikaitafuta ile /19 kama kuna mtandao wowote umeanza kuitangaza kuwa iko kwake, kwa mlango wa nyuma. Ulaya hamna. Asia hamna. Haionekani popote. Nikaweka alamu ya saa kumi na mbili.