Nilivyopima kisima cha Nala kwa betri ya gari na gololi mbili

Mimi nimesoma uhandisi wa petroli hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Ndiyo, Dodoma, ambako chini ni granaiti na naisi ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, mwamba ambao hakuna mwenye akili timamu angeutoboa kutafuta mafuta. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, naijua kwa karatasi tu. Leo nauza pampu za sola karibu na soko la Majengo, na ukweni wananiita Injinia wa Mafuta ya Taa.

Shemeji yangu ana shamba Nala. Kisima chake cha kwanza kilitoa maji ya chumvi: sabuni haitoi povu, chai haimezeki. Mchimbaji akamwambia, "Bosi, hujafika. Maji matamu yako chini." Akaongeza mita, chumvi ikaongezeka. Sasa jamani, mtu anayelipwa kwa mita ukimuuliza mchimbe mpaka wapi, unategemea akujibu nini?

Walipoanza kisima cha pili nikasema safari hii hakuna bomba litakaloshuka kabla sijapima. Hilo nililisimamia kwa ugomvi, kwa sababu ukishaweka bomba la plastiki umeme haupenyi, na la chuma linaubeba umeme wote lenyewe. Shimo lipimwe likiwa uchi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Tarehe 5 Septemba 1927, huko Pechelbronn, Ufaransa, kikosi cha akina Schlumberger, Conrad na mdogo wake Marcel, kiliteremsha vipimo vya umeme kwenye kisima cha mafuta, kikasimama kila mita, kikasoma, kikachora mstari kwa mkono. Mwamba mkavu haupitishi umeme. Maji yaliyomo kwenye nyufa na vitundu vyake ndiyo yanayopitisha, na yakiwa na chumvi yanapitisha zaidi. Mafuta na gesi hayapitishi. Kwa hiyo wenzetu wa mafuta wanatafuta mahali umeme unapokwama. Mimi nilitafuta mahali unapopita, lakini usipite mno.

Nilichukua dukani kwangu kebo ya pampu ya kuzamisha yenye nyaya tatu, nikafunga pete tatu za shaba kwenye kijiti cha bomba la plastiki, na kipande cha nondo chini kiwe uzito. Pete moja ya kupeleka umeme, mbili za kusoma volti. Waya wa kurudishia umeme nikaufunga kwenye chuma nilichokichomeka ardhini mbali kidogo. Betri ya gari, mita mbili za fundi umeme, daftari.

Mita ishirini za kwanza, umeme haupiti kabisa. Nikaanza kumhutubia shemeji jinsi mwamba wake ulivyo imara, hauna hata ufa. Kijana mmoja wa mtambo akanisikiliza weee, kisha akasema kwa adabu, "Kaka, maji yako mita ishirini na sita. Umekining'iniza hewani." Walicheka mpaka mchimbaji akakaa chini.

Nikashusha zaidi. Sasa inasoma, ila haitulii. Mita 40 inasema hivi, nikirudia palepale inakaribia mara mbili. Nikampigia rafiki yangu fundi redio wa Sabasaba. Akacheka naye (siku ile kila mtu alicheka). "Umeme wa betri unakwenda upande mmoja, kwa hiyo zile pete zenyewe zinageuka betri. Geuza geuza nyaya." Nikafunga swichi ya njia mbili: nasoma, nabonyeza umeme ugeuke, nasoma tena, nachukua wastani. Kimya, namba zikatulia kama mtoto aliyenyonya. Ukitaka kujaribu, usiunganishe umeme wa nyumbani kwenye shimo lenye maji. Volti 12 zinatosha, na utazeeka.

Mstari ukatoka: kuanzia mita 38 hadi 47 ukinzani, yaani jinsi mwamba unavyozuia umeme, unashuka kiasi, kisha unapanda, halafu mita 71 unaporomoka kama jiwe. Furaha yangu ikakatika haraka, maana hata udongo wa mfinyanzi unapitisha umeme. Hapo mita 71 ni chumvi au ni mfinyanzi? Vipande vya mwamba vilivyopulizwa na kompresa vingenijibu, tulivipanga mafungu kila mita tatu. Mbuzi wa jirani walikuwa wamepita juu yake.

Basi yaletwe maji yenyewe. Nikatia kizibo kwenye chupa ya soda ya kioo, kamba moja ya chupa, nyingine ya kuvuta kizibo nikifika. Kizibo kilizama ndani ya chupa kabla sijafika. Mita 71 ukiwa na maji kuanzia 26, ni mita 45 za maji zinakandamiza, kilo nne na nusu kwa kila sentimita ya mraba, na nilisoma hayo miaka minne!

Usiku nikiwa kitandani ndipo nilipozikumbuka gololi. Asubuhi nilikata kipande cha bomba la inchi mbili, nikaweka rediusa, kile kiungo cha kupunguza upana wa bomba, kila mwisho, ndani nikabandika mpira wa tyubu ya baiskeli uwe kitako, juu ya kila kitako gololi ya kioo, na msumari wa kuizuia isiruke. Likishuka, maji yanasukuma gololi juu na kupita. Ukilivuta, gololi zinakaa vitakoni, maji ya kina kile yanabaki humo. Mara tatu za kwanza lilivuja, ya nne likarudi limejaa. Niliringa, siwadanganyi. Shimo lilikuwa limelala usiku kucha bila kuguswa, maana kompresa ilikuwa imekoroga kila kitu. Mchimbaji nilimlipa laki na kitu kwa kulala usingizi.

Kipimo cha mkononi cha upitishaji umeme wa maji (namba ikipanda, chumvi imezidi) kilisoma 1,100 kwa maji ya mita 45. Ya mita 75, 4,600. Sikuhitaji kuonja, nikaonja. Nikatema.

Nikaamuru sehemu ya chini ijazwe kokoto, juu yake saruji, na bomba liwe na matundu kuanzia mita 36 hadi 48 tu. Mchimbaji akapiga kelele kwamba nafukia maji. Mama yake shemeji, niliyekwenda kumwamkia "mbukwenyi" asubuhi ile, akaniuliza kwa upole unaouma, "Mwanangu, huko chuo ulisomea kufukia visima?"

Kisima kinatoa lita elfu na kidogo kwa saa, pungufu kuliko kile cha zamani. Sabuni inatoa povu. Pampu nilimpa shemeji kwa bei ya ndugu, yaani hasara.

Juzi mchimbaji kanipigia. Ana kazi upande wa Bahi, anauliza lile bomba la gololi nalikodisha shilingi ngapi. Nimemwambia nalipwa kwa mita.