Siku moja maishani mwangu: kupima ghuba kabla manowari hazijaja

Watu wakisikia nchi inatafuta bandari mpya ya jeshi la majini, huwaza makamanda wamezunguka ramani mezani. Ramani hiyo imejaa namba za kina cha maji, na kila namba kuna mtu aliyeifuata baharini akalowa. Mimi ni mpima bahari. Ghuba tunayoipima sasa iko kusini mwa Tanzania. Jina lake nitalihifadhi.

Saa kumi alfajiri: chai, mihogo ya kuchemsha, kupakia betri kwenye boti. Saa kumi na mbili kijana wetu anakaa ufukweni kwenye mti wa kupimia maji, akiandika kimo kila baada ya dakika chache. Atakaa hapo hadi jioni. Bila daftari lake, kazi yetu yote ya leo haina maana.

Saa moja tunashusha sahani ya chuma chini ya boti kwa mnyororo uliopimwa. Mashine yetu hutuma sauti chini na kungoja mwangwi. Majini sauti husafiri takribani mita 1,500 kwa sekunde, lakini joto na chumvi huibadilisha, kwa hiyo lazima mashine na mnyororo vikubaliane kwanza. Kisha tunaanza kwenda na kurudi, mstari baada ya mstari.

Saa mbili na nusu akaja mgeni kutoka kwa waliotuagiza. Mashine ikaonyesha mita 9. "Andika tisa, tusogee," akasema. Nikamweleza kwamba leo ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yangali yanapwa, na pwani hii kati ya kujaa na kupwa tofauti hupita mita 3. Namba ya ramani ni ile ya maji yakiwa chini kabisa, kwa sababu manowari ikiitwa usiku wa manane haitangoja maji yajae. Frigeti, aina ya manowari, mara nyingi sehemu yake iliyo ndani ya maji hufika mita 5 au zaidi, na chini yake lazima yabaki maji ya akiba. Akatazama saa. Akauliza kwa nini tusiruke mistari miwili miwili. Nikamjibu kwamba jiwe moja linatosha kukaa katikati ya mistari tuliyoiruka. Akauliza tena baada ya robo saa, na tena, jua likituchoma sote, hadi nahodha wetu akaacha kabisa kugeuka akiitwa.

Kilichomvutia mgeni ni utulivu. Kweli ghuba ilikuwa kama kioo, lakini huu ni Januari, upepo ni wa kaskazi, na mlango wa ghuba unatazama kusini mashariki.

Maji yalipokupwa karibu saa nne, mzee mmoja alikuwa anategua madema yake, mitego ya samaki, karibu nasi. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza habari za kusi, upepo wa katikati ya mwaka utokao kusini mashariki. "Mwanangu, mwezi wa sita hapa hatulazi hata mtumbwi. Tunahamia nyuma ya kisiwa." Akanyoosha kidole mlangoni: "Na pale pana mwamba." Kwenye ramani ya zamani haupo. Tukaenda, tukatia bildi, kamba yenye uzito wa kupimia kina, kwa mkono, ikagonga jiwe.

Mlango ndio unaonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu ni mmoja tu na ni mwembamba. Agosti 1914 Wajerumani walizamisha chelezo chao kinachoelea, gati la kutengenezea meli, kwenye mlango wa bandari ya Dar es Salaam ili kuwazuia Waingereza, na manowari yao wenyewe, Königsberg, ikaishia kujificha delta ya Rufiji, ambako iliangamizwa Julai 1915. Kituo cha wanamaji chenye mlango mmoja hufungika kwa chombo kimoja.

Mchana sikumbuki saa. Mistari, chumvi machoni, mgongo. Tunachota tope la chini kuona kama nanga itashika. Mgeni alishaondoka.

Usiku nachukua daftari la kijana wa ufukweni na kutoa kimo cha maji kwenye kila kipimo, macho yakifumba. Mwamba nimeuandika, na kusi pia. Nimechora na njia za wavuvi na mahali pa madema, ingawa hakuna aliyeniagiza: bandari ya kijeshi ikijengwa bahari hufungwa, na watakaofungiwa lazima waonekane kwenye karatasi ileile anayosomewa mkubwa. Najivunia ukurasa huo kuliko yote.

Kesho tunarudi mlangoni na bildi, tujue mwamba ule umeenea hadi wapi.