Sabuni inayotoa mafuta: bechi ya 8 imekubali, tatizo lilikuwa kwenye kopo

Imekubali jamani, sabuni yangu haitoi mafuta tena. Bechi ya 8 nimeikata leo asubuhi, nimepitisha kidole kikavu, nimepangusa na tishu kavu, nikaiacha juu ya gazeti kutoka saa mbili mpaka adhuhuri na gazeti halina hata alama, wakati ya 3 mpaka ya 6 zilikuwa zinaloanisha karatasi kama vitumbua vya moto. Vyombo vya mchana bado viko karoni, nitaosha nikimaliza kuandika hii.

Fomula sijaigusa. Kwa gramu: mawese 500, nazi 300, alizeti 200, kostiki (ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) 145, maji 300, na wapiga hesabu mtaona hapo nimeacha kama asilimia 5 ya mafuta bila kostiki, makusudi, ngozi isikauke. Bechi ya 1 na ya 2 mwezi wa pili zilitoka safi kwa fomula hiyohiyo, ndo maana sikuishuku kabisa. Halafu mwezi wa nne ya 3 ikaanza kuteleza.

Hiyo ya 3 ilinipotezea wiki mbili bure, kwa sababu huku Tanga masika ikishika kila kitu kinatoa maji mpaka ukuta, na sabuni yenye gliserini yake yote inavuta unyevu wa hewani, unakuta vitone juu ya mche kama chupa ya soda iliyotoka frijini. Nikasema ni jasho tu, litakauka. Kutofautisha ni rahisi sana ila nimejua baadaye: jasho ukilipangusa na tishu, tishu inakauka, mafuta yanaacha doa linalopitisha mwanga na kesho yake liko palepale. Mama mkwe alikuja, akaoga, akatoka bafuni ananiuliza, "Mwanangu, hii ya kuogea au ya kujipaka?" Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini. Mama akaondoka na miche miwili ya bechi ya 6 hata hivyo, hiyo nitairudia.

Bechi ya 4 nikalaumu mkono wangu, kwamba sikorogi vya kutosha. Nikanunua blenda ya mkono, ile ya kuzamisha, na hapa niseme ukweli wangu, kama bado unakoroga kwa mwiko dakika hamsini acha kujitesa, uji (mafuta yaliyochanganywa na kostiki) unashika dakika nne mpaka tano. Ila uiwashe na kuizima, usiiache inavuma tu utaingiza hewa. Na isiwe ya alumini chini! Kostiki na alumini ni maadui, sufuria ya dada yangu iligeuka nyeusi na kutoa mapovu mbele ya macho yangu, ile hewa inayotoka ni haidrojeni na sio ya kuchezea jikoni kwenye moto. Mimi sasa ni stenlesi na ndoo ya plastiki ngumu basi. Anyway, uji ukashika vizuri, sabuni ikatoka na mafuta zaidi ya ile ya 3.

Bechi ya 5 zamu ya mawese. Hapa nilikuwa na hoja kidogo, kwa sababu dumu likikaa ile sehemu nzito inatulia chini na ukimimina ya juu tu unapata mafuta mengine kabisa, halafu mawese yakipoa yanaganda yenyewe, unaona uzito unadhani ni uji umeshika kumbe ni mafuta yameganda tu, unamwaga kwenye boksi, kesho yanaachana. Nikayeyusha dumu lote, nikatikisa, nikachanganya vyote kwenye nyuzi 45 hivi. Kukata, ndani kuna vifuko vya mafuta, kisu kinateleza. Nilikaa nikaiangalia tu.

Bechi ya 6 nikalaumu mizani. Nikaweka pakiti ya sukari ya kilo, nikaweka chupa ya maji nusu lita, iko sawa. (Mizani ya jikoni ya bei ndogo haina shida, shida ni betri ikikaribia kuisha inaanza kucheza namba. Na wanaofundisha watu kupima kostiki kwa kikombe, kwa kweli nina hasira nao, vidonge na unga kikombe kimoja havina uzito mmoja.) Ya 6 ndo ikawa mbaya kuliko zote.

Sasa angalia nilivyo mjinga. Ya 3 mbaya, ya 4 mbaya zaidi, ya 5 zaidi, ya 6 zaidi. Kila bechi nabadilisha kitu kingine na kila bechi inazidi kuharibika, yaani kuna kitu kilikuwa kinazeeka na mimi nashughulika na blenda. Nilikuja kushtuka siku naingiza kijiko kwenye kopo la kostiki kikagonga. Vidonge vimeshikana kama sukari guru, juu kuna ungaunga mweupe. Ile kilo niliinunua ya kupimiwa kutoka kwenye gunia, imefungwa kwenye mfuko fundo moja, nikahamishia kopo la plastiki ambalo mfuniko wake hata mchwa angepita. Na kostiki inavuta maji ya hewani, inavuta na kaboni dayoksaidi inageuka magadi, kwa hiyo nikipima gramu 145 napima kostiki na maji na magadi kwa pamoja na mizani haijui tofauti.

Kuhakikisha nikafanya kipimo cha jikoni na hiki ndo kimenifurahisha kuliko sabuni yenyewe. Gramu 3 mizani yangu haiwezi kupima kwa uhakika, kwa hiyo nikayeyusha gramu 30 kwenye maji gramu 470, nikachota gramu 50 za hayo maji, humo ndani kuna 3. Nikatia bizari ya manjano kidogo, yakawa mekundu kama kutu. Halafu siki nyeupe kwa bomba la sindano la mili 20 la duka la dawa, kidogokidogo unazungusha glasi, mpaka wekundu unapotea inarudi njano. Kostiki mpya niliyonunua siku hiyo, pakiti yenye lakiri, ilikula mili 88. Ya kwenye kopo ilikula 66. Robo haipo! Na ya kopo ilikuwa inatoa povu siki ikiingia, ile mpya kimya, povu ndo magadi yenyewe hayo. Tena magadi nayo yanakula siki, kwa hiyo inawezekana hali ni mbaya kuliko hiyo 66. Siki yako iwe na nguvu yoyote haidhuru, kwa sababu unalinganisha mbili kwa siki hiyohiyo.

Bechi ya 7 ni ya 6 iliyofufuliwa. Robo ya 145 ni 36, nikatoa ya ile miche miwili ya mama mkwe ikabaki 30, nikayeyusha kwenye maji gramu 90. Sabuni nikaikwaruza kwa grata ya karoti, na mafuta yaliyochuruzika chini ya boksi nikayarudisha yote, bakuli la stenlesi juu ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, glavu na miwani. Saa moja na nusu. Mwanzoni inaachana unakata tamaa, halafu ghafla inakuwa inang'aa kama Vaseline na mwiko unasimama. Sura yake ni ya mihogo iliyolala, lakini inatoa povu na haitoi mafuta, na ukigusisha ulimi haichomi. Ya kufulia.

Kostiki mpya nimeigawa siku hiyohiyo kwenye mitungi midogo ya kioo yenye mpira, gramu 145 kila mmoja, kila bechi nafungua mmoja tu.

Leo nilipanga nifufue ya 3, 4 na 5 ziko kwenye ndoo chini ya kitanda. Sijagusa. Nimeloweka vipande vya karatasi nyeupe kwenye manjano na spiriti, nimevianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio na tangu saa saba nazunguka nyumba napima vitu. Magadi nyekundu, majivu nyekundu, sabuni zangu zote nyekundu (kwa hiyo haviwezi kuniambia kama kostiki imezidi, nimegundua baada ya kutengeneza arobaini), sabuni ya maji ya vyombo imebaki njano. Nikampigia mama mkwe anirudishie ile miche niipime. Amekataa, anasema visigino vyake vimelainika na anataka mingine kama ileile.