Kwaresima niliyofunga haraka ya jioni

Wanangu wamepishana mwaka mmoja, na mwaka 2025 walikuwa shule moja ya serikali hapa Morogoro wakisoma mitaala miwili. Dada mtu, darasa la tano, alikuwa na Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, Sayansi na Teknolojia. Mdogo wake, darasa la nne, yumo katika kundi lililoanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu, Januari 2024: Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo. Vitabu vya dada havimfai. Na kwa kuwa kundi lake linasoma miaka sita badala ya saba, wote wawili watamaliza shule ya msingi 2027. Mzazi ukishapiga hesabu hiyo unaanza kukimbia, na watoto unawakimbiza nao. Nyumbani kwetu ilikuwa twisheni, kula, madaftari, kulala.

Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi. Majirani zetu Waislamu walikuwa wameanza Ramadhani siku chache kabla, mtaa mzima umepoa. Nyama tuliiacha kama miaka yote, lakini safari hii nilitaka kufunga kitu kinachoniuma zaidi, yaani ile haraka ya jioni. Nilikubaliana na baba yao kwamba mdogo apumzike twisheni hadi Pasaka, na fedha yake iingie kwenye kopo la sadaka. Dada mtu alibaki na ya Jumamosi tu, maana hesabu za sehemu, yaani nusu, robo na kadhalika, zilikuwa bado zinamsumbua. Simu yangu ilipanda juu ya kabati saa kumi na mbili jioni, haikushuka mpaka walale. Jikoni nilipika makande kwa wingi, jiko la mkaa likifanya kazi lenyewe huku mimi nimekaa na watoto.

Namna ya kukaa nao niliipata kwenye Njia ya Msalaba ya Ijumaa. Pale hakuna anayeruka kituo: mnasimama, mnasikiliza, mnasali, ndipo mnasogea. Basi na kazi za shule tukazifanya hivyo. Jambo moja, kisha mtoto ananieleza kwa maneno yake amefanya nini na kwa nini. Akishindwa kueleza, hatusogei. Mwanzoni ilikuwa ngumu kwangu kuliko kwao, kwa sababu jibu unalijua na ulimi unawasha.

Masika yalipoanza, mdogo alikata chupa ya maji, akaisimamisha nje ili apime mvua kwa rula kila asubuhi na kuandika. Siku moja mvua ilinyesha usiku kucha, chupa ikawa na maji kiduchu. Akaniuliza, "Mama, mvua imeenda wapi?" Nikamwambia atafute. Alizunguka uwanja mzima, akatazama juu, akagundua kwamba chupa iko chini ya mwembe. Akaihamishia peupe. Nilipomsimulia mwalimu wake alifurahi sana, akasema, "Mama, hicho ndicho tunachokitafuta. Mwache apime mwenyewe." Hapo ndipo nilipouelewa mtaala mpya, maana kwenye vikao vya wazazi lile neno umahiri, yaani mtoto aweze kulifanya jambo mwenyewe badala ya kulikariri, lilikuwa likinipita.

Dada mtu mahitaji yake ni mengine. Yeye mtihani wake wa darasa la saba uko pale pale, na mazoezi ya maswali anayahitaji. Ila kumfundisha mdogo wake kugawanya chungwa katika nusu, robo na thumni kulimfungulia zile sehemu kuliko nilivyotarajia.

Baada ya Pasaka twisheni ya mdogo haikurudi, na simu bado inapanda kabatini siku za shule. Kinachobaki ni 2027. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza pamoja, na wazazi wenye watoto wa umri huu tuwahi kuuliza shuleni na kwenye kata kuhusu madarasa, madawati na walimu, kungali na muda wa kujenga.